Majani ya Mwalimu wa Gari

Alizaliwa wapi, babu yake alikuwa nani, ukoo wao ulitokea upande gani wa Unyamwezi, hayo mkawaulize ndugu zake. Mimi namjua kuanzia kiti cha kushoto. Hapo ndipo alipokaa miaka yote niliyomfahamu, ndani ya Corolla nyeupe yenye herufi nyekundu ya L mbele na nyuma, kofia ya kufuma kichwani hata jua likichoma. Alimfundisha kaka yangu, akanifundisha mimi, na sidhani kama kuna gari dogo kati ya Tabora mjini na Sikonge ambalo dereva wake hakupita mikononi mwake. Mji una walimu wengi, lakini ukisema Mwalimu wa gari hakuna anayekuuliza yupi. Sisi tulisema Mwalimu tu.

Corolla ile ilikuwa na breki mbili. Moja ya mwanafunzi, na ya pili fundi aliichomelea upande wa Mwalimu, chini ya mguu wake wa kulia. Hiyo ya pili ndiyo iliyomharibu. Mguu ulizoea kufanya kazi, ukakataa kupumzika. Akipanda gari la mtu, akipanda basi, dereva akichelewa kidogo kufunga breki, mguu wa Mwalimu unakanyaga sakafu. Nimemwona akikanyaga kanisani kwetu Moravian, mchungaji alipoanza kukimbiza mahubiri. Mkewe alicheka mpaka akajifunika kanga usoni.

Mkewe tulimwita Mayu, yaani mama, kama Wanyamwezi wanavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa. Aliuza karanga na michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani, kwenye kona ya mtaa wa nyuma ya soko. Alikaa chini, kwenye gunia, miguu ameinyoosha mbele, beseni pembeni. Namtaja mapema kwa sababu kila alichokifanya Mwalimu baadaye, mpaka kikamgeukia, alikifanya ili yule mama na beseni lake wasigongwe. Hakuwa na shida nyingine ya maana duniani. Watoto walishaolewa na kuoa, nyumba ilikuwa yao, afya nzuri.

Mimi ni mtu wa asali. Wazee wangu wa Ipole wanarina, mimi nasomba ndoo kwa gari langu, Probox, mpaka kwenye maduka ya mtaa huohuo. Kwa hiyo kona ya Mayu naijua, nimeshusha mzigo pale zaidi ya nilivyokaa kwangu.

Sasa niwaambie alivyokuwa. Ukimsalimia, "Shikamoo Mwalimu," anajibu, "Marahaba. Kioo?" Na wewe ni lazima ujibu, "Nimeangalia." Haijalishi mko wapi. Msibani kwa shangazi yangu nilimpa mkono nikiwa nalia, akanishika mabega, akasema pole sana binti yangu, Mungu awatie nguvu, halafu kwa sauti ya chini, "Kioo?" Nikacheka katikati ya kilio, watu wakanitazama vibaya. Nikajibu, "Nimeangalia, Mwalimu." Akaridhika, akaenda kukaa na wanaume wenzake.

Hakukuruhusu ushike usukani kabla hujautembea mji kwa miguu. Mnaanzia stesheni, yeye nyuma mikono mgongoni, wewe mbele, na kila kibao mnachokifikia unakisoma kwa sauti na kukitii. Kibao kikisema simama, unasimama, watu wanakupita. Kikisema toa njia, unampisha mwenye mkokoteni wa maji. "Kibao kinasema, wewe unaitika," alikuwa akisema. Siku yangu ya kwanza nilikutana na mama mmoja wa kwaya yetu, nikiwa nimesimama wima mbele ya nguzo napaza sauti, "Mwendo mdogo! Watoto wa shule!" Jioni ile mama yangu alipigiwa simu Ipole kwamba binti yake wa mjini kachanganyikiwa, wamuombee.

Alikuwa mpole kwa mwanafunzi aliyeogopa na mkali kwa aliyejiona anajua. Ukizima gari katikati ya barabara na fuso linakupigia honi nyuma, yeye anatoa kichwa dirishani na kumwambia dereva wa fuso, "Na wewe ulizaliwa tumboni mwa nani unaendesha?" Halafu anakugeukia taratibu, "Klachi. Usiwe na haraka. Huyo atasubiri." Lakini ukianza kuendesha kwa mkono mmoja, kiwiko dirishani, breki ya pili inakanyagwa mpaka paji la uso linagusa usukani. Unarudisha mkono mwenyewe.

Nyumbani aliendesha kila kitu kwa sheria za barabarani. Mayu alipenda kutusimulia. "Mwenzenu huyu hata ugali anaupigia indiketa," anasema, na anaigiza mumewe anavyotazama kushoto, kulia, kushoto, kabla ya kumega. Mwalimu anakaa palepale akisikiliza, hakasiriki. "Sijawahi kugongana na mtu kwenye sahani," anajibu.

Sasa, jambo moja sikulielewa kwake kwa muda mrefu. Mnajua gari likiharibika barabarani huku kwetu dereva anafanyaje. Anakata matawi mabichi, anayatandika lami, mafungu mafungu, nyuma ya gari na mbele yake, kwa mbali kidogo. Anayekuja akiona majani anapunguza mwendo, kwa sababu anajua mbele kuna gari limelala. Hakuna anayefundishwa hilo, tunakua nalo. Basi Mwalimu darasani aliyakataa majani kabisa. "Hayo mambo ya kizamani. Dereva wa leo ana pembetatu kwenye buti, ile nyekundu inayong'aa. Mtu atakayenitajia majani kwenye mtihani atarudi mwakani." Tukaandika. Siku tairi lilipopasuka njia ya Sikonge, mimi nimefungua buti natafuta hiyo pembetatu, nakuta panga.

"Mwalimu, pembetatu iko wapi?"

"Kata matawi, binti, jua linazama."

Nikakata. Akayapanga mwenyewe, fungu kwa fungu, kwa uangalifu wa mtu anayetandika meza. Lori lililofuata lilianza kupunguza likiwa bado mbali. Mwalimu alilitazama kwa namna sikuwahi kumwona akitazama kibao chochote. "Pembetatu mtu anaweza kuisahau barabarani wiki nzima," akaniambia. "Lakini hakuna anayekata matawi juani kwa kujifurahisha. Ukiyaona, ujue kuna mwenye shida. Yaamini." Halafu akakumbuka yeye ni nani. "Kwenye mtihani andika pembetatu."

Ndipo vikaja vibao vya maegesho.

Kabla ya hapo mtaa wa nyuma ya soko haukuwa na kibao hata kimoja. Ni mtaa mwembamba, umezoea miguu ya wapagazi kabla ya matairi, na watu walipaki kwa kutazamana usoni na kupigiana kelele. Haukuwa mpango mzuri, sikatai. Asubuhi moja tukakuta nguzo. Juu kabisa, duara lenye mstari mwekundu, maana yake usipaki. Chini ya duara, herufi P kubwa na mshale, maana yake paki. Chini ya P, kwa maandishi ya kusogelea, kupakia na kushusha mizigo tu, na saa zake, ambazo mvua ya kwanza ilizifuta nusu. Hatua chache mbele, nguzo nyingine: bajaji tu. Na mgongoni mwa hiyo ya bajaji, kwa wanaotoka upande wa pili: mwisho wa Kanda B. Haki ya Mungu, Kanda B haikuwa imeanza popote.

Nguzo ya kwanza waliichimbia palepale kwenye gunia la Mayu. Walimwomba asogee kidogo, akasogea kidogo, wakachimba, wakaondoka, akarudi.

Mwalimu alifurahi, mwanzoni. Alikuja na wanafunzi watatu, wakasimama mbele ya nguzo, akamwambia wa kwanza soma. Akasoma. Akamwambia wa pili itika. Yule kijana akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Mwalimu, niitikie kipi?" Mimi nilikuwa nashusha ndoo, nikaona uso wa Mwalimu. Naye alitazama juu, akatazama chini. Alikwenda kuitafuta Kanda B inakoanzia, kwa miguu, wanafunzi nyuma yake. Hakuiona. Kisha ikamjia kwamba kama kuna B, lazima A ipo, wakaitafuta hiyo A mpaka stesheni na kurudi. Ikawa utani wa mtaa mzima. Mtu akipotelewa na funguo anaambiwa, "Angalia Kanda A."

Tulicheka, lakini hali ilikuwa mbaya. Gari likiingia mtaani, dereva anaona zile nguzo, anasimama katikati ya njia asome. Wa nyuma yake anafunga breki za ghafla. Bodaboda hawana muda, wanapita kushoto, kati ya gari na beseni la Mayu. Dereva anayesoma anaogopa kufungiwa mnyororo wa gurudumu, na watu wa maegesho wanajificha vibarazani na mashine zao wakimsubiri akosee. Basi anatoa kichwa nje, anamuuliza mtu aliye karibu zaidi na nguzo.

"Shikamoo mama. Eti hapa tunapaki?"

"Marahaba. Paki tu mwanangu, ila wakija mimi sikujui."

Hapo dereva anashituka, anarudi nyuma bila hata kutazama, na kona ile nyuma yake kuna watu. Kila siku hivyo. Mayu alikuwa na namna ya kuvuta miguu gari likirudi, anaikunja, linapita, anainyoosha tena, huku anaendelea kumpimia mteja karanga. Mimi roho ilinitoka. Kwake ilikuwa kama kufukuza inzi.

Mwalimu alimsihi ahame. Nilikuwepo siku moja, alimsihi kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili, akamtajia vibaraza vitatu vilivyo wazi. Mayu akamsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilikuwa hapa kabla ya nguzo," akasema. "Wateja wangu wananijua hapa. Hama wewe na breki yako." Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, ila nilimwona akitazama miguu ya mkewe jinsi ilivyonyooshwa kuelekea barabarani.

Akaanza kuzunguka maofisi. Suti yake ya harusi za watu, kofia mkononi. Ofisi ya kwanza wakamwambia, mzee, vibao si vyetu, ni vya watu wa barabara. Watu wa barabara wakasema, sisi tulichimba mashimo tu, maandishi ni ya watu wa maegesho. Watu wa maegesho wakasema, sisi tunakusanya ushuru, alama walileta wakandarasi. Trafiki, ambaye ni mwanafunzi wake, alimpa kiti na soda. "Mwalimu, hata mimi siielewi ile nguzo. Lakini nitafanyaje? Nikiona mtu kapaki, kosa. Nikiona kasimama njiani, kosa." Kila mahali shikamoo, kila mahali karibu mzee, tunalifanyia kazi. Hakuna hata mmoja aliyemfokea. Nadhani angefokewa angejua la kufanya.

Walilifanyia kazi. Waliongeza kibao. Chini ya vile vitatu wakafunga cha nne, mshale unaoelekea upande wa pili, bila neno lolote. Mwalimu alisimama chini yake muda mrefu, mikono mgongoni kama siku zile ananifundisha. Nikamsogelea.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba," akasema. Hakuniuliza kioo. Ilikuwa mara ya kwanza, na nilirudi kwenye gari langu sina raha.

Siku fuso liliporudi nyuma likapanda kibaraza, Mayu alikuwa amekwenda msalani kwenye duka la jirani. Beseni likabaki bapa, michembe imesagika imechanganyika na udongo, gunia lina alama ya tairi pale hasa alipokuwa anakalia. Dereva wa fuso alishuka, akarudia neno moja, "Nilikuwa nasoma, nilikuwa nasoma." Mayu aliporudi akalitazama beseni, akasema, "Mayu wane, mama yangu, bahati ya haja ndogo," watu wakacheka kwa woga. Kesho yake akaja na beseni jipya, akakaa palepale.

Na kesho yake hiyo Mwalimu akaja na panga na matawi ya mjohoro wa nyuma ya nyumba yake. Akayatandika kuvuka mtaa, mafungu mafungu, kabla ya kufika kwenye nguzo, sawasawa na alivyoyatandika njia ya Sikonge. Hapakuwa na gari lililoharibika. Palikuwa na Mayu tu na karanga zake.

Jamani, ilifanya kazi! Sijawahi kuona. Gari linaingia na haraka zake, linaona majani, linapoa. Dereva anapita taratibu, macho barabarani, anatafuta gari lililolala, na akiwa hivyo hana nafasi ya kugonga mtu. Bodaboda wakapanga mstari. Trafiki alipita akayaona, akatabasamu, akageuza uso upande mwingine. Mwalimu alikaa kwenye kigoda karibu na mkewe siku nzima, anayatazama magari yanavyopunguza, na mguu wake wa kulia umetulia. Nikampelekea asali kidogo kwenye kichupa. Akailamba na kijiti akaniambia, "Unaona? Watu wanajua kuitika. Tatizo halikuwa watu." Nilimfurahia kutoka moyoni. Sikuona kosa lolote, na hata leo nikijiweka siku ile siwezi kuliona.

Akawa anakuja nayo kila asubuhi ya soko. Yakinyauka anabadilisha. Mjohoro ukabaki kama fimbo, akahamia kwa jirani.

Sasa fikirini. Mtu anapita pale leo, anaona majani, anapunguza, hakuna gari. Kesho anapunguza, hakuna gari. Wiki ijayo anamuuliza mwenzake, haya majani ya nini? Anaambiwa, "Aa, hayo ni majani ya Mwalimu, ana wasiwasi na mkewe." Basi. Yakapata jina. Wakaanza kupita pembeni yake, halafu juu yake. Madereva wa bodaboda wakawa wanayapangia mashindano, nani atayarusha mbali kwa tairi la nyuma. Si kwa ubaya. Walimpenda, wakipita wanampungia mkono, "Mwalimu, kioo!" na tairi linasaga tawi.

Aliona. Asidhaniwe mjinga. Nilikuwa nimekaa kwenye bampa nakunywa maji, akaniambia bila kunitazama, "Wameanza kuyakanyaga."

"Yaondoe basi, Mwalimu."

"Nikiyaondoa watarudi kusoma vile," akaonyesha nguzo kwa kidevu. "Nikiyaacha wanayazoea. Nifanye lipi, binti yangu? Wewe niambie."

Nikasema labda wataviondoa vibao. Hata mimi mwenyewe sikujiamini nilivyosema. Siku iliyofuata akaja na matawi mazito zaidi.

Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa mama wa makamo, muuza vitenge, mwoga wa magari. Asubuhi ile ya soko walikuwa wanapita mtaani mwetu na Corolla ikazima, kati ya majani na kona ya Mayu. Safari hii haikuwa klachi, injini ilikufa kweli. Mwalimu akashuka, akamshusha yule mama. Akachukua matawi mabichi kutoka kwenye buti, akayaongeza nyuma ya gari, pale palipokuwa na yale ya siku zote. Kisha akalegeza breki ya mkono, akaweka gia huru, akakunja usukani kuelekea pembeni, ili tuisukume itoke njiani. Alifanya kila kitu kama anavyofundisha. Akaniita, "Mama asali, njoo utupe nguvu!" Nikaweka ndoo chini.

Pikapu iliingia kutoka upande wa juu wa mtaa. Niliiona vizuri. Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani, anatazama juu kwenye nguzo, midomo inacheza, anasoma. Ikafika kwenye majani na haikupunguza hata kidogo. Matairi yakapita juu ya matawi, nikayasikia yanavyovunjika. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, mikono mitupu. Nilimwona akikanyaga. Mguu wa kulia, kwenye udongo, kwa nguvu zake zote, akakanyaga.

Corolla iligongwa nyuma ikaenda kule usukani ulikoelekezwa, ikapanda kibaraza. Mayu alikunja mguu mmoja. Wa pili haukuwahi.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Nakumbuka karanga zilivyotapakaa mpaka chini ya gari langu. Nakumbuka tulivyoinua Corolla kwa mikono, watu wa maegesho na bodaboda na mimi. Na nakumbuka dereva wa pikapu, kijana wa Ulyankulu, alivyoshuka mikono kichwani analia, na alipomwona aliyesimama mbele yake akasema, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa, "Shikamoo Mwalimu." Alikuwa mwanafunzi wake.

"Marahaba," Mwalimu akaitikia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hukuyaona majani?"

"Niliyaona, Mwalimu. Nikajua ni yale yako."

Mayu tulimlaza kwenye Probox yangu, juu ya magunia, tukaenda hospitali ya Kitete. Wauguzi walihangaika naye kwa moyo. Mguu ulikatwa chini ya goti. Mwalimu alikaa kwenye benchi la korido siku ile na siku zilizofuata, kofia mapajani, na watu walipokuja kumpa pole aliwasikiliza mpaka mwisho na kuwaambia asanteni. Yule kijana wa Ulyankulu alikuja kila Jumapili baada ya misa, na maharage, na kuku, na mkewe. Mayu alimpokea, akamwita mwanangu, akamuuliza habari za shamba. Mwalimu alikuwa anatoka nje. Hakumchukia. Alishindwa tu kumtazama, na mimi namwelewa, kwa sababu kijana hakusema uongo hata neno moja.

Hakufundisha tena. Corolla iko uani kwake, imekaa juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti cha mwanafunzi. Kwa muda aliendelea kwenda kule mtaani, lakini kazi yake ilikuwa kuokota. Anaokota kila jani lililopo barabarani, hata lililoanguka lenyewe na upepo, hata mabua ya mahindi na mashina ya mchicha, anayatupa mtaroni. Watu wakasema amepatwa. Vibao vipo. Magari yanasimama katikati, yanasoma, yanarudi nyuma. Pale kwenye gunia la Mayu amekaa mama mwingine, anauza nyanya, na madereva wanamuuliza kama wanapaki. Mimi naendelea kushusha asali palepale, sina pengine. Kila nikifunga breki natazama kwanza miguu ya yule mama.

Mara ya mwisho nilipokuwa nao kwa muda mrefu ni mwezi uliopita. Mayu alitaka kwenda kukaa kwa dada yake, kijijini mbele ya Sikonge, karibu na kwetu Ipole. Alisema amechoka kusikia honi. Akanipigia simu yeye mwenyewe. Nikawafuata asubuhi, Mayu tukamweka kiti cha nyuma, mguu wake mzima chini na ule mfupi ameunyoosha juu ya mto, magongo pembeni. Mwalimu akakaa mbele, kiti chake cha kushoto.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba."

Nilisubiri. Hakuuliza. Basi nikajibu hivyohivyo, "Nimeangalia," nikawasha gari.

Njiani Mayu ndiye aliyezungumza. Aliniuliza asali ya mwaka huu ikoje, akanisimulia jirani yao aliyeanza kuuza michembe na hajui hata kuianika, inatoa ukungu, aibu gani hiyo. Mwalimu alitazama nje. Tulipopita msitu wa miombo barabara ikanyooka, nami nikaongeza mwendo, njia ile naijua kama chumba changu.

Ndipo nikayaona. Mbele, kabla ya kilima, majani mabichi barabarani, mafungu mafungu.

Miaka yote ya kuendesha sijawahi kuyafikiria majani. Mguu wenyewe ulikuwa unakwenda kwenye breki kabla kichwa hakijajua. Siku ile nilifikiri. Mungu anisamehe, nikiwa na mama wa watu mlemavu nyuma, nilijiuliza, haya ni ya nani? Yana gari kweli? Ilikuwa sekunde moja tu, lakini gari liliendelea kwenda, na pembeni yangu nikasikia kiatu kinagonga sakafu. Mwalimu anakanyaga. Anakanyaga kwa mguu wote, mgongo umebanwa kwenye kiti, mikono imeshika dashibodi, anakanyaga.

Nikafunga breki kwa nguvu, gari likayumba, likasimama. Nikaendelea polepole mpaka kileleni. Upande wa pili, katikati ya njia yetu kabisa, kulikuwa na lori la tumbaku limevunjika ekseli, na miguu ya utingo inachungulia chini yake, viatu vyake amevipanga vizuri pembeni.

Nikasimama tena, nikazima injini. Utingo akatoka chini ya lori, akatupungia, akasema samahani wakubwa, piteni kulia. Mayu akamjibu pole na kazi. Mimi sikuweza kuwasha gari kwa sababu bado nilikuwa nasikia kiatu kikigonga.

"Mwalimu," nikasema, "tumeshasimama. Na upande wako hakuna breki."

Mayu, ambaye kila siku alimcheka kwa mguu ule, alinyoosha mkono kutoka nyuma akamshika bega.

"Anajua, mwanangu," akasema. "Mwache akanyage."